Zege la Msikiti: Saruji, Kokoto, Maji na Dawa kwa Mwanafunzi wa Fiqhi

 

 Huenda mkashangaa mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu kuandika juu ya saruji, hali ndugu zetu wa uhandisi wapo na kalamu wanazo. Sababu ni hii. Misikiti mingi ya vijijini kwetu Uganda haijengwi na kampuni, inajengwa na kamati. Mwenyekiti ni mzee wa mtaa, na mshika fedha ni imamu, ambaye mara nyingi ni kijana aliyetoka chuoni na shahada kama hii ninayoisomea. Hakuna anayemuuliza kama anajua zege. Anakabidhiwa sadaka za watu, anaambiwa: shekhe, tutafutie fundi. Kwa hiyo wewe unayehifadhi milango ya Fiqhi leo ndiye utakayeulizwa kesho kama mifuko 50 inatosha au inunuliwe 75.

Nayo hesabu hiyo si ndogo. Chukua mfano wa sakafu ya juu ya msikiti, ile ya kusalia akina mama. Tuseme ina urefu wa mita 10, upana mita 8 na unene sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 12 za zege. Mita moja ya ujazo ina uzito wa karibu tani 2.4, basi sakafu hiyo peke yake, kabla hajapanda mtu hata mmoja, ni tani 29 hivi zilizoning'inia juu ya safu za wanaume. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji sehemu moja, mchanga mbili na kokoto nne, itahitaji mifuko kama 76 ya kilo 50. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6 itahitaji mifuko kama 53. Kamati "imeokoa" mifuko 23. Lakini mchanganyiko wa 1:3:6 ni wa kutandika chini ya msingi, haukuwekwa kwa ajili ya kubeba watu hewani, na nguvu yake ni karibu nusu ya ule wa kwanza. Kwa macho zote mbili ni za kijivu. Ukipunguza mabati, mvua ya kwanza itakusema. Ukipunguza saruji, zege litanyamaza, pengine miaka mingi.

Saruji hufanya nini

Kitu cha kwanza nilichojifunza kwa ndugu zetu wa uhandisi ni kwamba sisi sote tunasema vibaya. Tunasema zege "limekauka." Zege halipati nguvu kwa kukauka. Linapata nguvu kwa kunywa maji. Chembe za saruji zikikutana na maji huungana nayo na kuwa kitu kipya, mithili ya jiwe, ambacho huota kama nyuzi na sahani ndogo ndogo zinazoshikana na kubana mchanga na kokoto katikati yake. Kazi hiyo huanza ndani ya saa chache na huendelea kwa wiki, hata miezi, maadamu maji yapo. Zege likikaushwa mapema, kazi hiyo husimama njiani, na kulirudishia maji baadaye hakurudishi yote yaliyopotea.

Saruji yenyewe hutokana na mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi, vikasagwa na kuchomwa kwenye tanuri refu linalozunguka, kwa joto la nyuzi 1450 hivi za Selsiasi. Kinachotoka ni vibonge vigumu viitwavyo klinka. Vibonge hivyo husagwa pamoja na jasi kidogo, ambayo kazi yake ni kuizuia saruji isigande ghafla mkononi mwa fundi. Hati ya kuimiliki saruji ya aina hii ilitolewa Uingereza mwaka 1824 kwa Joseph Aspdin, fundi uashi wa Leeds, naye akaiita Portland kwa kuwa aliona inafanana na jiwe la kujengea la huko Portland. Ndiyo maana hadi leo mfuko wako umeandikwa jina la mahali ambapo pengine hutafika. Hapa kwetu mawe ya Tororo, yanayochomwa saruji tangu miaka ya 1950, yana asili ya volkano ya kale, jambo lisilo la kawaida, kwani sehemu nyingi duniani mawe ya chokaa ni mabaki ya viumbe vya baharini.

Sasa soma maandishi ya mfuko, maana mengi yamo humo na watu hawayasomi. Utaona namba 32.5 au 42.5. Hiyo ndiyo nguvu ya chini ambayo saruji hiyo, ikichanganywa na mchanga maalumu wa maabara, lazima iifikie baada ya siku 28, kwa kipimo cha nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Herufi N ni ya saruji inayopata nguvu kwa mwendo wa kawaida, na R ni ya ile inayowahi. Utaona pia CEM I, CEM II au CEM IV. CEM I ni klinka karibu tupu. Nyingine zimechanganywa na vitu kama pozolana, yaani majivu ya volkano, ambayo eneo letu halina uhaba nayo. Msidhani kuchanganywa huko ni udanganyifu. Warumi walijenga kwa chokaa na majivu ya volkano, na mafundi wa Kiothmani walichanganya chokaa na matofali ya kuchoma yaliyopondwa. Na wazee wetu wa pwani ya Kilwa walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakajengea kuba za msikiti mkuu ambazo bado zinatembelewa. Saruji yenye pozolana huwa na uvumilivu mzuri, lakini hupata nguvu polepole, na inataka kumwagiliwa maji siku nyingi zaidi. Kosa la kamati nyingi ni kununua 32.5 kwa sababu ya bei, halafu kuitaka ifanye kazi kwa haraka ya 42.5 R.

Neno moja juu ya kuhifadhi, nalipita haraka. Saruji hunyonya unyevu wa hewa. Ikikaa miezi mitatu stoo inaweza kupoteza hata sehemu ya tano ya nguvu yake. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na inayotangulia kuingia itangulie kutoka. Ile mifuko iliyobaki tangu Ramadhani iliyopita, yenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole, isiingie kwenye nguzo.

Kokoto na mchanga

Watu hudhani zege ni saruji iliyochanganywa na vitu vingine. Kwa kipimo cha ujazo ni kinyume chake: kokoto na mchanga huchukua hata robo tatu ya zege, na saruji ndiyo mgeni. Kazi ya fundi mzuri ni kupanga mawe makubwa, madogo na chembe za mchanga ili kila ukubwa uzibe nafasi iliyoachwa na ukubwa wa juu yake. Zikipangwa vizuri, saruji kidogo inatosha kuzishika. Zikiwa za ukubwa mmoja, kunabaki matundu, na matundu hujazwa ama kwa saruji nyingi, ambayo ni fedha, ama kwa hewa, ambayo ni msiba. Mfano mashuhuri ni kuba la Pantheon mjini Roma, lenye upana wa zaidi ya mita 43, lililosimama tangu karne ya 2 bila hata nondo moja. Waliolijenga walitumia mawe mazito chini, na kadiri walivyopanda juu wakatumia mawe mepesi zaidi, hadi kileleni wakaweka mawe ya volkano yenye vinyweleo. Siri ya jengo lile, kwa sehemu kubwa, imo kwenye kokoto.

Kokoto zetu nyingi hupondwa kwa nyundo, na mara nyingi wanaoziponda ni akina mama walioketi juani na watoto wao. Si vibaya kuzinunua, wala sisemi tuwanyime riziki. Ila ziangaliwe. Kokoto nzuri ina pembe na umbo la karibu mchemraba. Zile bapa kama vigae hulala na kukusanya maji chini yake, na nyembamba kama vidole huvunjika. Zikiwa na vumbi jingi, saruji hushika vumbi badala ya jiwe. Zioshwe. Kwa sakafu na nguzo za kawaida, ukubwa usizidi milimita 20, ili zege lipenye kati ya nondo.

Mchanga una mambo mengi zaidi. Uganda tunachimba mchanga mwingi mabwawani na kandokando ya Ziwa Victoria, na anayesafiri barabara ya Masaka ameyaona mashimo ya Lwera; uharibifu huo unastahili makala yake peke yake. Wenye malori huuza pia mchanga wenye udongo mwingi kwa jina lile lile. Kupima ni rahisi, na hakuhitaji maabara. Chukua chupa ya kioo inayopitisha mwanga, weka maji nusu lita na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Tia mchanga hadi karibu nusu ya chupa, tikisa kwa nguvu, kisha iache imetulia saa tatu. Mchanga utatuama chini, na udongo utalala juu yake kama utando wa rangi nyingine. Pima vimo viwili kwa rula. Utando ukizidi asilimia 8 hivi ya kimo cha mchanga, mrudishie mwenye lori au uuoshe. Chupa, chumvi na rula: hakuna kamati iliyo maskini kiasi cha kukosa hivyo.

Nao mchanga wa bahari, kwa ndugu watakaoajiriwa pwani, usitumiwe na nondo mpaka uwe umeoshwa barabara kwa maji matamu, maana chumvi hula chuma. Baada ya tetemeko la Uturuki la tarehe 17 Agosti 1999, lililoua watu zaidi ya 17,000, wakaguzi walikuta maganda ya wanyama wa baharini ndani ya zege la majengo yaliyolala chini. Tetemeko lilipita kwa sekunde chache, lakini mchanga ule ulikuwa umeingizwa miaka mingi kabla yake.

Sasa naja kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mchanga wenye unyevu huvimba. Chembe zake huzungukwa na utando wa maji unaozisukuma zisikaribiane, na kwa unyevu wa asilimia 5 hivi, lundo huweza kuongezeka ujazo kwa robo nzima. Maana yake ni kwamba karai la mchanga uliopigwa na manyunyu lina mchanga pungufu kuliko karai la mchanga mkavu, na juu ya hapo limebeba maji ambayo hukuyahesabu. Kwa mfuko mmoja wa saruji katika mchanganyiko wa 1:2:4, maji hayo ya siri yanafika lita 4 au 5.

Wanafunzi wa Hadithi wameshaelewa ninakokwenda. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kisa cha Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la chakula, na vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Mwenye mali alisema limenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamhoji kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, kisha akatoa hukumu juu ya anayeghushi, nayo mnaijua. Huwa tunaisoma Hadithi hii tukiwaza mchele na mahindi. Mimi, tangu nielezwe habari ya kuvimba kwa mchanga, siwezi kuisoma bila kuliona lori la mchanga lililomwagiwa maji asubuhi ili lionekane limejaa. Na kipimo ni kile kile alichofanya Mtume (s.a.w.): ingiza mkono ndani, usiangalie juu tu.

Maji

Mwaka 1918 mtafiti wa Chicago aitwaye Duff Abrams alitangaza matokeo ya majaribio mengi ya zege. Alichokikuta kinaweza kusemwa kwa sentensi moja: kwa vifaa vile vile, nguvu ya zege hufuata uwiano wa maji na saruji, na kadiri maji yanavyozidi nguvu hupungua. Saruji inahitaji maji machache tu ili iungane nayo, kiasi cha robo ya uzito wake hivi, na mengine kidogo yanayoshikwa ndani ya ule utando mpya. Maji yote ya ziada yamewekwa ili zege lilainike na kumwagika. Yakishafanya kazi hiyo hutoka, na yalipokuwa hubaki tundu. Zege lenye maji mengi ni sifongo ngumu.

Tuweke namba. Kwa mfuko wa kilo 50, lita 27 za maji ni uwiano wa 0.54, na kwa saruji na kokoto nzuri hiyo inaweza kukupa zege la nguvu 30 hivi baada ya siku 28. Ongeza lita 5 tu, uwiano unafika 0.64, na nguvu inashuka hadi 23 hivi. Lita 5 ni nusu ya ndoo ndogo. Zimeondoka na karibu robo ya nguvu, na nondo zako zote ziko pale pale, na risiti ya saruji inaonyesha mifuko kamili. Kumbuka tena kwamba mchanga ulionyeshewa huleta lita hizo wenyewe, bila ruhusa ya mtu.

Na hapa ndipo kazi za kujitolea huharibika. Siku ya kumwaga zege waumini wamejipanga mstari, makarai yanapokezanwa, takbira zinapigwa, na kila mtu anataka zege laini kwa sababu laini hubebeka na kusambaa upesi. Kijana mwenye mpira wa maji anapendwa na wote. Huyo ndiye wa kupewa ulinzi. Maji yapimwe kwa ndoo yenye alama, na anayepima awe mtu mmoja mwenye moyo wa kukataa, hata akiombwa na mwenyekiti.

Mchanga na kokoto navyo visipimwe kwa sepetu. Tengenezeni kasha la mbao lenye urefu wa sentimita 40, upana 35 na kina 25, linalokusanya lita 35, yaani ujazo wa mfuko mmoja wa saruji. Kwa 1:2:4, kila mfuko unadai kasha mbili za mchanga na nne za kokoto, na mchanga ukiwa na unyevu kasha ya mchanga huongezwa kidogo huku maji yakipunguzwa.

Maji ya kuchanganyia yawe safi, kama ya kunywa. Ndugu mmoja aliniuliza habari ya maji yaliyokwisha kutumiwa kwa udhu: ikiwa hayana sabuni, yanafaa sana kumwagilia zege lililokwisha kushika. Sisi wa Shafii tutasema maji hayo hayatoharishi tena, lakini zege halina madhehebu.

Dawa za zege

Mafundi huziita dawa, na jina hilo si baya, kwa sababu dawa ina kipimo na ina maradhi yake. Ni kemikali zinazotiwa kwa kiasi kidogo, mara nyingi chini ya asilimia 2 ya uzito wa saruji, ili kubadili tabia ya zege. Yenye manufaa kuliko zote kwetu ni ile ya kulainisha, plastisaiza. Chembe za saruji zikiingia kwenye maji hugandana mabonge na kufunga maji ndani yake. Dawa hii huzitawanya, maji yale yanaachiliwa, na zege linalainika bila kuongezewa hata kikombe. Wale vijana wa mstari wa makarai wangepata ulaini wanaoutaka, na nguvu isiguswe. Gharama yake kwa mfuko ni ndogo ukiilinganisha na hasara ya zile lita 5.

Ziko za kuchelewesha, kwa siku za joto au zege linalosafiri mbali. Kwa hapo nikumbushe kwamba sukari nayo huchelewesha, tena vibaya. Gramu 50 za sukari kwa mfuko mmoja, kama vijiko 12 vya chai, ni sehemu moja tu ya elfu, nazo zinatosha kuzuia zege lisishike kwa saa nyingi. Kwa hiyo mtungi wa juisi ya wafanyakazi, na ile ndoo iliyooshewa vikombe vya chai ya maziwa, vikae mbali na pipa la maji.

Ziko za kuharakisha. Ya zamani na ya bei nafuu ni kloridi ya kalsiamu, nayo isiwekwe kwenye zege lenye nondo, kwa sababu ile ile ya chumvi ya bahari. Ukiuziwa dawa ya kuharakisha, soma kama imeandikwa kwamba haina kloridi. Na ziko za kutia viputo vidogo vya hewa, ambazo husaidia sana nchi za barafu. Sisi wa Mbale barafu tunaiona kwenye friji, kwa hiyo hazituhusu. Nalitaja hilo kwa ajili ya wale wanaotia sabuni ya unga ili mchanganyiko "uteleze." Sabuni hutia viputo bila mpango, na kila asilimia moja ya hewa huondoa takriban asilimia 5 ya nguvu.

Dawa haimtibu aliyepunguza saruji. Hilo nililiuliza mara tatu kwa watu watatu tofauti, kwa sababu kamati nyingi hulitamani, na wote walijibu vile vile.

Mkataba na dhamana

Wanaosoma Fiqhi ya miamala wataona kwamba haya yote yana mlango wake. Kumpa fundi kazi ya kujenga kwa sifa maalumu, vifaa vikiwa vyake, ni istisnaa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, lilipoidhinisha mkataba huu lilishurutisha kibainishwe kinachotengenezwa: jinsi yake, aina, kiasi na sifa zinazotakiwa, pamoja na muda. Basi mkataba unaosema tu "kumwaga sakafu, shilingi kadhaa" una gharari ndani yake. Uandikwe: saruji ya namba gani, uwiano gani, maji lita ngapi kwa mfuko, kumwagilia siku ngapi na kazi ya nani.

Jengo likiharibika nani analipa? Wanazuoni walitofautiana juu ya fundi anayefanyia kazi watu wengi, ajiri mushtaraki. Abu Hanifa hamdhaminishi kilichoharibika mkononi mwake ila kwa kosa lake, na wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walimkhalifu wakamdhaminisha isipokuwa kwa lisiloepukika. Imepokewa pia kwamba Ali bin Abi Talib (r.a.) aliwadhaminisha mafundi kwa maslahi ya watu. Lakini kwa kosa na uzembe hakuna khilafu. Na imamu msimamizi, aliyeamrisha mwenyewe mifuko ipunguzwe, amejitoa kwenye nafasi ya mwaminifu. Nia yake ya kubakisha fedha za mazulia haibadilishi alichokifanya kwenye nguzo. Mimi nauona uzito huu kuwa mkubwa zaidi katika wakfu kuliko katika nyumba ya mtu, kwa kuwa mwenye nyumba anaweza kusamehe haki yake, na wakfu hauna wa kusamehe.

Baada ya kumwaga

Zege lisindiliwe, kwa mashine ya kutetemesha au kwa nondo ikichomwa chomwa, hadi viputo viache kutoka. Likiachwa linabaki na matundu kama sega la nyuki, hasa chini ya mihimili ambako hakuna anayetazama, na fundi mjanja huyapaka lipu jioni ile ile. Kwa hiyo mbao zikifunguliwa, mtu wa kamati awepo kabla ya lipu.

Likishashika, lifunikwe kwa magunia na liloweshwe siku 7 kwa uchache, na kwa saruji yenye pozolana siku 10 hadi 14. Mihimili ya kushikilia sakafu isitolewe kabla ya siku 14, na ya boriti ndefu isitolewe kabla ya 21, hata kama harusi ya mtu imepangwa kufanyika humo.

Kwa kipimo cha haki, mimineni zege katika kasha za chuma za milimita 150 kila upande, angalau vipande 6, siku ile ile ya kazi. Vitatu vivunjwe maabara baada ya siku 7, ambapo hutarajiwa kuwa vimefika karibu theluthi mbili ya nguvu, na vitatu baada ya siku 28. Kipande cha zege la nguvu 20 kinapaswa kubeba kilonyutoni 450, yaani tani kama 46, kabla ya kuvunjika. Karatasi ya matokeo ibandikwe ubaoni msikitini karibu na hesabu ya michango, ili waliochangia waione.

Jumuiya yetu inajenga sehemu ya udhu na tangi la maji likizo hii, inshaallah, na ndugu wa uhandisi wamekubali kutuazima koni ya kupimia ulaini wa zege pamoja na kasha sita za chuma. Lori la kwanza la mchanga linatazamiwa Jumamosi. Watakaopenda kuushuhudia mtihani wa chupa tukutane nyuma ya msikiti baada ya swala ya Alasiri, na kila mmoja aje na chupa yake.